Waliomsukuma Ciakuthii

Nitaanza na bango, kwa sababu bango ndilo lililonitia wazimu. Lilifungwa kwa waya kati ya mlingoti wa stima na ukuta wa duka la dawa za mifugo hapa Githongo, mkabala na kibanda changu cha chai. Lilikuwa kubwa, la kijani, limeandikwa kwa herufi nyeupe: GITHONGO, TUWASUKUME MASHUJAA WETU HADI MWISHO! Vijana waliolileta walitoka Nairobi na ngazi yao wenyewe. Walikunywa chai kwangu, wakamaliza maandazi yote, wakaniuliza, "Mathe, si limetoka poa?" Nikawaambia limetoka vizuri. Wakati huo sikuwa na ugomvi na mtu yeyote.

Sasa nina ugomvi na watu wengi. Nikimaliza kusimulia, useme mwenyewe kama nimekosa.

Aliyedhulumiwa ni Ciakuthii, mke wa Bundi, ambaye hapa sokoni tunamwita Mama Munene kwa jina la mwanawe. Hakuna asiyemjua, kwa sababu ya baiskeli. Kila asubuhi anakusanya maziwa ya majirani kule chini karibu na mto, anafunga mitungi nyuma ya baiskeli nyeusi, zile nzito tunazoziita mamba, na anapanda nayo hadi kwenye kituo cha maziwa hapa juu. Wanaume wenye pikipiki walijaribu kumnyang'anya kazi hiyo. Mvua ikinyesha, udongo wetu mwekundu unawalaza chini pamoja na pikipiki na maziwa, naye anawapita akiwasalimia. Hiyo salamu iliwauma kuliko kuanguka.

Alizaliwa Manyatta, upande wa Embu. Baba yake, Njue, alikuwa akipeleka ndizi mjini kwa baiskeli, na Mungu alimpa wasichana watupu. Watu walipomwonea huruma alikasirika, akamchukua mkubwa wao, Ciakuthii, akamfundisha kuendesha kabla miguu yake haijafika kwenye pedali. Alijifunza kama watoto wote wa huku wanavyojifunza, mguu mmoja umepitishwa chini ya kile chuma cha katikati, mwili umepinda upande kama mtu anayechungulia chini ya kitanda. Alipofikia umri wa kuvaa sketi ndefu akaambiwa aache, imetosha. Hakuacha, na Njue hakumlazimisha, kwa sababu ndizi zilikuwa zinafika sokoni mapema kuliko alipozipeleka yeye.

Kisha akaolewa huku Meru na Bundi, ambaye ni fundi wa kupaka rangi nyumba na ni mtu mpole hata unamwonea huruma. Akaja na baiskeli yake. Watu walicheka, bila shaka. Mke wa mtu, kitambaa kichwani, juu ya mamba ya mwanaume! Lakini kilichomtia matatani haikuwa baiskeli. Ulikuwa mkono.

Mlima wetu ni mkali, na tangu zamani mtu akionekana anapanda na mzigo kwenye baiskeli, aliye karibu huacha jembe, hutoka shambani, huweka mkono nyuma ya mzigo na kusukuma mpaka pumzi imwishie au mwingine ampokee. Hakuna anayeombwa. Hakuna anayelipwa. Tunaita kutia mkono, na mtoto anajua kutia mkono kabla hajajua kujifunga kamba za viatu. Kuukataa mkono huo ni tusi. Ni kama kukaribishwa chakula na mtu halafu ukainusa sahani yake.

Ciakuthii hakujua. Wiki yake ya kwanza hapa, Mzee Runji, aliyekuwa katekista wetu, alimwona bibi harusi wa Bundi akipanda na mitungi. Akatoka kwenye shamba lake la kahawa, akaja kimyakimya kama kawaida yetu, akaweka mkono. Msichana akahisi mtu nyuma yake anashika maziwa. Akageuka akapiga kelele, "Toa mkono wako!"

Kabla jua halijafika utosini Githongo nzima ilikuwa inajua kwamba Bundi ameoa mwanamke wa Embu mwenye kiburi. Ciakuthii alipoelezwa kosa lake alibeba sukari akaenda kuomba radhi, na Mzee Runji akacheka, akasema yameisha. Kwa Runji yaliisha. Kwa Mama Bundi, mama mkwe wake, ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza. Kwenye mikutano ya akina mama wa kanisa walikuwa wanamuuliza, kwa sauti ile tamu ya kukuchoma, kama mkamwana wake anakula chakula cha watu wa kawaida. Mama Bundi ni mwanamke aliyelea watoto peke yake, anayeogopa kitu kimoja tu duniani, kusemwa. Kwa miaka hakumwita Ciakuthii kwa jina. Alimwita "huyo wa Embu", na hata Munene alipoanza kuota meno alisema, "Mtoto wa huyo wa Embu ameota jino."

Na Ciakuthii hakuwahi tena kukataa mkono wa mtu. Hata siku ambazo hakuhitaji, mzigo ni mwepesi na miguu ina nguvu, mtu akitoka shambani, yeye anapunguza mwendo ili afikiwe. Niliwahi kumwambia anajichelewesha bure. Akasema, "Mama Kagwiria, wacha tu. Nikikataa mara moja watakumbuka ile ya kwanza."

Basi mwaka huu ikaja ile mbio kubwa ya baiskeli ya kuzunguka mlima, ya wale wanaoendesha kama kazi yao, Wakenya na wageni, miguu imenyolewa ikang'aa. Siku ya mwisho walikuwa watoke Embu, wapitie Chuka, wafike Nkubu, kisha wapande mpaka hapa Githongo, na hapa ndipo mshindi wa mbio yote apatikane. Tangazo likasema pia kwamba asubuhi hiyo, kabla wakubwa hawajafika, watu wa kawaida watashindana kwenye kipande kilekile cha mwisho, Nkubu mpaka Githongo. Mwanamke wa kwanza kufika ataingizwa katika timu mpya ya wanawake, atafundishwa, atapewa baiskeli, na mwaka ujao atakimbia mbio yenyewe kuanzia mwanzo mpaka mwisho.

Ciakuthii alisoma tangazo hilo hapa kwangu amesimama, chai yake ikapoa ikashika utando.

"Mlima wetu wenyewe," akasema. "Mama Kagwiria, wameleta mlima wetu wenyewe."

Sijawahi kumwona mtu akitaka kitu hivyo. Hakuwa mtu wa kutaka vitu. Bundi alimwambia ajaribu. Billow, yule mwenye duka la spea mjini Meru, anayemuuzia minyororo na matairi miaka yote, alimwazima baiskeli nyembamba ya mbio na kumwambia kwamba sharti lake ni moja tu, irudi na magurudumu yote mawili. Ikawa asubuhi anapanda na maziwa, jioni anashuka Nkubu na kupanda tena bila maziwa. Wale wa pikipiki wakaacha kumcheka, wakawa wanampigia honi za kumtia moyo.

Alisoma pia masharti. Yalikuwa marefu, kwa Kiingereza, na alinisomea lile moja hapa hapa kwenye benchi: hairuhusiwi mtu yeyote kumgusa mshindani wala kumsukuma. Akiguswa, anaondolewa.

Tukatazamana.

"Waambie watu," nikasema.

"Mimi? Nizunguke nyumba kwa nyumba nikiwaambia wasiniguse? Mimi?"

Nikamwelewa. Akawapigia simu waandaaji, akawaeleza desturi ya huku, akawaomba watangaze hapa kabla ya siku. Wakamwambia wazo zuri sana, asante kwa kutujulisha. Na kweli gari la matangazo lilikuja. Lilizunguka soko likipiga muziki wa kupasua masikio, na katikati ya muziki sauti ya kijana ikawa inasema nini? Inasoma bango! "Githongo, tokeni tuwasukume mashujaa wetu!" Nililikimbilia gari hilo na kijiko cha chai mkononi. Dereva alidhani nacheza, akaongeza sauti.

Mimi nikawaambia waliokuja kunywa chai. Wakanicheka. "Hii mlima, bila mkono? Hiyo ni mbio ama ni adhabu?" Mwingine akasema, "Sasa kama hawataki tusukume, mbona wameandika?" Na kweli lilikuwa limeandikwa, kubwa kuliko mlango wa kanisa.

Jumamosi ya mbio hakuna aliyeenda shambani. Watu walijipanga barabarani kuanzia ile kona ya chini mpaka kwenye mstari wa mwisho, uliopakwa rangi nyeupe karibu kabisa na kibanda changu. Kijana mwenye maiki alikuwa amegawa fulana na kofia tangu asubuhi. "Nani anajua jina la mlima huu?" Mikono juu. "Wewe mama, chukua fulana!" "Nani ametoka mbali zaidi?" Mikono juu, fulana. Kufikia wakati mbio inaanza watu walikuwa wamefundishika vizuri: maiki ikiuliza nani, unainua mkono.

Bundi alikuwa Nkubu, ameshika koti la mke wake. Mama Bundi alikuwa mstari wa mbele hapa juu, amevaa ile leso yake ya Pasaka. Mimi nilipanda juu ya stuli nione kona.

Alitokea peke yake. Wanaume kadhaa walikuwa wameshapita, watu wakawaacha maana walikuwa wanamngoja wa kwao; lakini wanawake, yeye peke yake. Nilimjua kwa mabega. Nyuma yake, mbali kidogo, akaja msichana mwembamba wa Nairobi, anaitwa Njoki, wa klabu fulani, na kando yake gari. Nataka ulitazame gari hilo vizuri kama nilivyolitazama mimi. Dirisha limefunguliwa. Mtu ananyoosha chupa ya maji. Njoki anaishika chupa, na yule mtu haachilii. Wanaishika wote wawili, na gari linaenda, na msichana anaenda nalo, miguu imetulia kabisa, mlimani! Kisha chupa inaachiliwa. Baadaye kidogo, chupa nyingine. Yule mtoto alikuwa na kiu ya ng'ombe, kumbe.

Ciakuthii akafika pale kwenye kahawa ya Mzee Runji. Na Mzee Runji, Mungu ambariki na Mungu amsamehe, akatoka. Alikuwa amevaa tai. Akanyoosha mkono, akauweka nyuma ya kiti cha baiskeli kama alivyouweka miaka yote.

Nilisikia kwa masikio yangu haya. "Mzee, usiniguse! Tafadhali, mzee, usiniguse!" Akaupinda usukani akakimbilia katikati ya barabara, nusura aanguke, akainuka tena juu ya pedali. Mkono wa mzee ulimgusa kwa hatua mbili, pengine tatu, na hatua hizo zilimpunguzia mwendo wala hazikumwongezea. Wengine wote walikimbia kando yake wameinyoosha mikono, lakini hakuna aliyemfikia. Alipita katikati yetu kama mtu anayepita kwenye shamba la miba, ameibana mikono, anasema tafadhali, tafadhali, na watu wanashangilia hawasikii.

Akavuka mstari wa kwanza. Mama Bundi alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Mimi nililia, sioni haya kusema. Njoki aliingia baadaye, chupa mkononi.

Refa alikuja na pikipiki yake. Alikuwa mtu wa makamo, kofia nyekundu, hakuwa mkorofi, na hilo linaniudhi zaidi. Mkorofi ungemtukana ukapumua. Alimwambia Ciakuthii kwamba ameona mkono. Ciakuthii akasema, "Ni kweli, lakini nilimkataza." Refa akasema itabidi aulize. Akaichukua maiki kwa kijana wa fulana.

"Wananchi wa Githongo," akasema, "nani alimsukuma huyu mama?"

Niliona kinachokuja. Nilipiga kelele, "Msijibu!" lakini nani angenisikia? Mikono ilipanda kama mahindi.

"Mimi!" akasema Mzee Runji, amenyooka ndani ya tai yake. "Mimi ndiye wa kwanza."

"Mimi nilimtoa pale kwa kona!"

"Mimi pia! Andika Mutugi!"

"Hata mimi nilimpatia mkono, uliza mtu yeyote!" Huyu wa mwisho alikuwa ametoka kwenye kinu cha kusaga wakati huohuo. Unga ulikuwa bado uko kwenye nyusi zake. Watu walisukumana mbele wadai sifa ya kumsukuma mtu ambaye hawakumgusa, huku wengine wakiangalia sanduku la fulana limebaki na ngapi. Walijua wanashukuriwa. Nani duniani angeulizwa swali hilo akadhani anashtakiwa? Ni wapi kumsaidia mtu kupanda mlima ni kosa la kukiri?

Refa akamgeukia Ciakuthii. "Mama, watu wako wenyewe wamekubali."

Hapo damu ilinichemka. Nilishuka kwenye stuli, nikapita katikati ya watu, nikasimama mbele yake na aproni yangu.

"Soma hapo juu," nikamwambia. "Soma bango lako."

Akalisoma. "Hiyo ni lugha ya matangazo, mama. Maana yake ni kushangilia."

"Kwani kushangilia hamna neno lake? Hapa kusukuma ni kusukuma! Ukiniambia nikusukume nitakusukuma, sitakupigia makofi!"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Mimi sikuandika bango."

"Na yule msichana wa chupa? Gari limemvuta tangu kule chini, nimeona!"

"Hiyo ni huduma ya maji. Inaruhusiwa kwa walio na klabu."

"Kwa hivyo mkono wa dirishani ni maji, na mkono wa shambani ni wizi?"

"Mama, rule ni rule."

Nilitaka kumwagia chai. Nasema kweli, na ilikuwa ya moto. Njoki alikuwa amesimama pembeni anatazama viatu vyake, na sikuwa na hasira naye, hakutengeneza sheria. Lakini wale waliozitengeneza ni watu waliowahi kuona gari likimfuata mtu na hawajawahi kuona jirani akimfuata. Ndiyo maana gari walilitengea nafasi kwenye karatasi yao, na jirani wakamwita mhalifu. Wakaja kwenye mlima wetu, wakatuandikia Kiswahili cha kuvunja shingo, tukatii walichoandika, kisha wakatuadhibu kwa kutii. Na adhabu hawakumpa mwandishi. Walimpa mwanamke pekee aliyesoma masharti.

Basi huyo refa, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, akafungua kijitabu chake akasoma kidogo. Akasema kuna kifungu. Mshindani akisukumwa bila kutaka, naye akakataa wazi, na waliomgusa wakathibitisha kwamba alikataa, haondolewi. Nikaona uso wa Ciakuthii ukifunguka. Nikamshika mkono.

Refa akainua tena maiki, safari hii akaongea polepole, kwa uangalifu, ili asije akalaumiwa. "Nawauliza wote. Huyu mama, mlipomsukuma, alikataa? Aliwaambia msimguse?"



"Alikataa!" nikasema. "Nilimsikia kutoka hapa!"

"Wewe ulimgusa?"

"Hapana, lakini nilimsikia."

"Wewe ni rafiki yake?"

"Ndiyo, ni rafiki yangu, kwani marafiki hawana masikio?"

"Nataka aliyemgusa."

Watu wote wakamgeukia Mzee Runji. Na Mzee Runji akamgeukia Mama Bundi, akamtazama, na nikajua anachofikiria, maana nami nilikuwa nafikiria hilohilo. Mbele ya wageni, mbele ya kamera, kwenye maiki inayosikika mpaka bondeni, anaulizwa kama mkamwana wa Bundi ameukataa tena mkono wake. Yule mzee alikuwa amekwisha kusamehe mara moja. Hakutaka kumwanika mtoto wa mwenzake.

"Mimi," akasema polepole, "sikusikia neno baya."

"Sikuulizi neno baya, mzee. Alikataa au hakukataa?"

"Alikuwa na haraka," akasema Runji, akatazama chini.

"Mzee, sema!" nikapiga kelele. "Sema alikukataza, ni vizuri, inamsaidia!"

Lakini Mama Bundi alikuwa ameshaanza kutembea. Alipita mbele ya watu wote na leso yake ya Pasaka, mwanamke ambaye hata kwenye kanisa hasimami kutoa ushuhuda, akanyoosha mkono akaichukua maiki kutoka kwa refa. Aliishika kwa mikono miwili. Ilipiga mluzi, akashtuka, akaisogeza mbali kidogo.

"Mimi ni mama ya Bundi," akasema. "Huyu ni mkamwana wangu. Anaitwa Ciakuthii." Sijawahi kulisikia jina hilo kinywani mwake kabla ya siku hiyo. "Kuna watu walisema ana kiburi. Miaka mingi walisema. Mimi naishi na yeye. Asubuhi anaamka mbele yangu, maji ya kuoga ananiwekea. Hajawahi kukataa mkono ya mtu. Hata leo hajakataa. Mwenye anasema Ciakuthii amekataa mkono ya mzee kama Runji, huyo ni mwongo. Yeye hawezi kukataa. Alisukumwa na watu wake, na alishukuru."

Akina mama wa kanisa wakapiga makofi. Wale walewale. Mmoja alifuta machozi. Kisha vigelegele vikaanza, na vikaendelea, na refa akangoja viishe kabla ya kuandika.

Ciakuthii alikuwa ameshika usukani wa baiskeli ya Billow. Nilidhani ataruka, aichukue ile maiki, aseme, "Mama mkwe wangu amekosea, nilikataa, nilikataa kwa kelele." Midomo ilifunguka. Akamtazama yule mwanamke mzee aliyekuwa anarudi, kichwa juu, amemaliza jambo kubwa kuliko yote aliyowahi kufanya mbele ya watu. Midomo ikafungika.

Refa akatangaza jina la Njoki.

Mama Bundi hakusikia, au alisikia hakuelewa linahusu nini. Alimfikia mkamwana wake, akamfuta jasho la uso kwa ncha ya leso.

"Nimewaambia," akasema. "Umesikia? Nimewaambia wote, kwa hiyo kitu ya sauti. Nimeongea vizuri?"

Nyuma yao Njoki alikuwa anavalishwa fulana ya timu, na mpiga picha anamwambia ainue mikono.

"Umeongea vizuri, mama," akasema Ciakuthii.